Mikono ya Mkwe Wangu

Kwetu tunashona magodoro. Chumba cha mbele ni cha kazi, vyumba viwili vya nyuma ni vya kulala. Asubuhi tunachambua pamba. Vumbi lake linaingia puani, linaingia kwenye chai, linaingia mpaka masikioni. Mtu akija kwetu amevaa nguo nyeusi, anaondoka amevaa nyeupe.

Mwanangu anakata kitambaa na kukishona kwa cherehani. Mimi najaza pamba. Kisha napitisha sindano ndefu kutoka juu hadi chini na kukaza uzi. Kazi hii nimeifanya tangu nilipoolewa. Nilaze juu ya godoro dakika moja tu, nitakuambia kama fundi wake alikuwa na haraka siku hiyo.

Mkwe wangu alikuwa akishona mito. Alipopata mimba ya pili, nilimwondoa kazini. Nikamtengenezea godoro lake mwenyewe. Katikati niliacha bonde la mgongo, ili alale chali na asigeukegeuke. Sisi mafundi wa magodoro ndivyo tulivyo. Mtu akiumwa na chochote, tunafikiria godoro.

"Lala," nilimwambia. "Usiinue kitu. Usianike nguo. Usinyooshe mikono juu."

"Sasa nifanye nini, mama?"

"Pumua."

Nilikuwa na sababu yangu. Miaka miwili nyuma alipoteza mtoto, mimba ikiwa ya miezi saba. Alikuwa mtoto wa kike. Alizaliwa kimya. Wiki ileile nilikuwa nimemwona mkwe wangu akianika mashuka, mikono juu. Na mimi tangu utoto niliambiwa kwamba mjamzito akiinua mikono, kitovu kinamzunguka mtoto shingoni na kumnyonga. Basi nikajua. Nikawaambia ndugu wote. Nikawaambia na majirani. Usoni kwake sikusema, lakini chumba chake na changu vimetengwa na ukuta wa mbao. Alisikia kila neno.

Mimba hii ya pili, kliniki walimpima mapema. Wakamkuta na presha, wakampa vidonge. Alivimeza kila siku bila kukosa. Mimi nilivihesabu vidonge hivyo kuwa kitu kidogo. Kazi kubwa, nilifikiri, naifanya mimi kwa kuichunga mikono yake.

Mimba ilipofika miezi mitano, asubuhi moja alitoka chumbani akichechemea. Miguu ilikuwa imekaza kwa kulala. Akasimama karibu na meza ya kukatia, akafunga macho, akainua mikono yote miwili juu ya kichwa na kujinyoosha.

"Shusha mikono!" nilipiga kelele mpaka mwanangu akajichoma kidole. "Unataka kumnyonga na huyu?"

Hakushusha. Alifungua macho akanitazama.

"Na huyu," alisema. "Umesema na huyu. Kwa hiyo yule nilimnyonga."

"Mama hakuwa na maana hiyo," mwanangu alisema.

"Wewe nyamaza! Miaka miwili umenyamaza, nyamaza na leo." Kisha akanigeukia. "Vaa viatu, mama."

"Twende wapi?"

"Kliniki. Hilo ulilolisema hapa, ukaliseme kule mbele ya mkunga."

"Siku yako ni Alhamisi."

"Siku yangu ni leo."

Nilivaa viatu kwa hasira. Moyoni nilisema, vizuri sana. Twende. Mkunga atamwambia mbele yangu kwamba nimesema kweli. Njia nzima alitembea mbele, mimi nyuma. 

Mkunga wa kliniki yetu anaitwa Dada Kipimo. Hilo si jina alilopewa na wazazi wake. Tumempa sisi, kwa sababu hata ukienda kwake kuomba maji ya kunywa, atakufunga mkono apime presha kwanza.

Alitutazama mlangoni. "Mbona mnahema kama mliokimbizwa na mbwa? Kaeni dakika tano. Simpimi mtu mwenye hasira."

"Basi hutanipima mwaka huu," mkwe wangu alijibu.

Alikaa, mgongo umeegemea kiti, miguu chini, mkono juu ya meza. Nikafungua mdomo nianze kueleza. Dada Kipimo akaniinulia kidole. Wakati wa kupima hakuna mazungumzo.

"Mia moja arobaini na mbili kwa tisini," alisema. "Iko juu kidogo. Ikifika mia moja arobaini kwa tisini, hiyo ni presha ya juu. Ikifika mia moja sitini kwa mia moja na kumi, hapo hakuna cha kesho. Ni hospitali palepale."

Akampima mkojo. Ukawa hauna shida. Akamwacha apumzike, akampima tena. Presha ilikuwa imeshuka, mia moja thelathini na sita kwa themanini na sita.

"Haya," alisema. "Nani kagombana na nani?"

"Mama ana neno," mkwe wangu alisema. "Mama, sema."

Nikasema. Nilieleza habari ya mikono, ya kitovu, ya mashuka. Nilieleza vizuri, kwa sauti ya mtu mwenye haki. Dada Kipimo aliweka kalamu chini.

"Nani alikufundisha hayo, bibi?"

"Kila mtu anajua."

"Mimi ninazalisha mwaka wa kumi na tisa huu. Mbona sijui?"

Alikwenda kwenye benchi, akachukua mto. "Mto huu ni wa kwenu?"

"Ni wetu. Naujua mshono wetu."

Alifungua foronya, akaingiza bendeji ndefu ndani, akaifunga. Kisha akaushika mto pembe mbili za juu, akazivuta juu, akazishusha. Juu, chini. Mara kumi. Akanirushia.

"Fungua, fundi. Bendeji imepiga fundo?"

Nikafungua. Haikuwa na fundo. Ilikuwa palepale alipoiweka.

"Pembe za mto hazivuti kilicho ndani," alisema. "Na mikono ya mama haikufungwa kwenye kitovu cha mtoto. Kitovu kimeshikana na kondo la nyuma upande mmoja, na tumbo la mtoto upande wa pili. Basi. Mtoto mwenyewe anageuka huko ndani, wakati mwingine kinamzunguka. Wengi wanazaliwa nacho shingoni. Tunakitoa kwa kidole, wanalia, wananyonya."

Sikutaka kushindwa mbele ya mkwe wangu. Nikapandisha sauti. "Basi yule wa kwanza alikufa na nini?"

Dada Kipimo aliinuka. Akafungua kabati, akatafuta, akatoa kadi ya zamani. Aliisoma. Nikaona mdomo wake unakaza.

"Alihudhuria kliniki mara mbili tu. Siku alipoletwa, presha ilikuwa mia moja themanini kwa mia moja na ishirini. Alikuwa ameshapata kifafa cha mimba, mwili unatikisika, hajitambui. Imeandikwa hapa, kichwa kilimuuma siku nne. Macho yaliona vimulimuli. Uso ulivimba." Aliinua kichwa. "Siku nne, bibi! Alikuwa na nani nyumbani?"

Mkwe wangu alitazama ukutani. Angeweza kunitaja. Hakunitaja. Afadhali angenitaja.

"Na mimi," nilisema.

"Ulifanya nini?"

"Nilimfunga kitambaa kichwani. Nikamwambia alale, itapita."

Nje mtoto wa mtu alikuwa analia kwa sindano.

"Presha ikipanda hivyo," Dada Kipimo alisema polepole, "damu haimfikii mtoto vizuri. Anakosa chakula, anakosa hewa. Hicho ndicho kilichomuua. Kamba ya nguo haihusiki. Mkwe wako hahusiki. Na sisi hapa kliniki tuna lawama yetu. Aliacha kuja, hatukumfuata kumuuliza. Hilo linanikera."

"Sikujua," nilisema.

"Najua hukujua. Asiyejua namfundisha. Ukirudia baada ya leo, nitakugombeza."

"Mbona unanigombeza sasa hivi?"

"Hapa bado nafundisha."

Kisha aliuliza mkwe wangu analalaje. Nikaeleza habari za godoro langu na bonde lake. Hapo ndipo alipogomba kweli.

"Chali! Kutwa nzima! Tumbo likishakuwa zito, mama akilala chali, tumbo linabana mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo. Mama anapata kizunguzungu, mtoto anapungukiwa damu. Alale ubavu. Na kulala kutwa hakushushi presha. Kunakaza miguu tu, na kunaweza kugandisha damu ndani yake."

"Kwa hiyo afanye kazi?"

"Sijasema abebe magunia ya pamba. Subirini."

Alikwenda chumba cha pili kwa daktari na kadi. Akarudi. Daktari alikuwa amekubali mkwe wangu afanye mazoezi mepesi ya kunyoosha viungo, nusu saa kwa siku, hata kwa kuyagawa.

"Sikilizeni wote wawili," alisema. "Mwenye presha asijianzishie mazoezi mwenyewe. Aulize kwanza. Wako wajawazito ambao hali yao hairuhusu kabisa. Huyu tumempima, anaruhusiwa. Na mazoezi si badala ya vidonge. Vidonge anameza vilevile, kliniki anakuja vilevile. Kunyoosha kunasaidia mwili ulegee na damu itembee. Kuna mjamzito mwenye presha ambaye kutembea kunamchosha, lakini kujinyoosha anaweza."

Akamkalisha kwenye kiti kisicho na magurudumu. "Inua mikono. Juu kabisa. Bibi, tazama."

Nilitazama. Mikono ya mkwe wangu ilipanda juu, na mimi nikashika ukingo wa meza. Miaka yote ile haitoki kwa siku moja.

"Vuta pumzi. Toa. Usiibane pumzi hata mara moja, kubana pumzi kunapandisha presha. Kaa hivyo mpaka nihesabu ishirini. Usijirushe. Unyoosheke taratibu, usikie unavutika, usisikie maumivu."

Mkwe wangu akashusha. Akainama ubavu wa kulia, akahesabiwa. Wa kushoto, akahesabiwa. Akazungusha mabega. Kisha akasimama, akaweka viganja ukutani, mguu mmoja mbele na mwingine nyuma, kisigino chini, mpaka nyama ya nyuma ya mguu ikavutika. Akabadilisha mguu. Mwisho akakaa tena na kuzungusha vifundo vya miguu. Hakuna zoezi hata moja alilolifanya amelala chali.

"Ataacha wakati gani?" niliuliza.

Dada Kipimo alinitazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Swali zuri. Akisikia kizunguzungu, kifua kubana, pumzi kukatika, tumbo kuuma, au akiona damu au maji yanatoka, aache, aje hapa. Mtoto akipunguza kucheza, aje. Na kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli, uso au mikono ikivimba ghafla, au maumivu chini ya mbavu upande wa kulia, hakuna mazoezi, hakuna kitambaa, hakuna kulala kidogo. Hospitali."

Njiani kurudi nilimwambia mkwe wangu, "Nisamehe."

"Si sasa, mama," alijibu. "Sasa hivi nikikusamehe nitakuwa nakudanganya."

Nilifika nyumbani nikachukua mkasi. Nikalitoa godoro lile nje, nikalipasua kutoka juu hadi chini. Nilikata uzi kama mtu anayechinja. Mwanangu alitoka na kidole chake kilichofungwa kitambaa.

"Mama, godoro lina kosa gani?"

"Lina kosa la aliyelishona. Na wewe usinisimamie hapo, shika upande ule."

Pamba yake nilishonea mito mitatu mirefu. Mmoja wa mgongoni, mmoja wa kati ya magoti, mmoja wa chini ya tumbo. Akaanza kulala ubavu.

Kila asubuhi, baada ya kumeza kidonge, alikaa kwenye kiti chumba cha kazi na kunyoosha viungo. Mimi nilihesabu.

"Kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na saba..."

"Mama, unaruka."

"Wewe unanyoosha au unahesabu?"

"Kama unaruka, njoo unyooshe wewe."

Nikajaribu. Magoti yangu yalilia kama mlango mbovu. Mwanangu alicheka mpaka akazima cherehani. Mkwe wangu hakucheka, lakini niliona anauma midomo. Miguu yake ilipungua kukaza. Alianza kupata usingizi. Presha ilipanda kidogo, ikashuka kidogo. Dada Kipimo aliongeza kidonge kimoja, akaiandika kadi mpaka ikajaa.

Mimba ikiwa imepita kidogo miezi minane, asubuhi moja alikaa kwenye kiti kama kawaida. Akainua mikono, akaishusha kabla sijafika tatu.

"Mama, naona vimulimuli."

"Na kichwa?"

"Kinagonga tangu nilipoamka."

Mwanangu alisema, "Labda ni vumbi la pamba. Akae kidogo kwanza."

Sikumbuki mara nyingine niliyopandwa na hasira kama siku hiyo. "Akae kidogo? Akae kidogo! Mimi nilisema maneno hayo mara moja, tukazika mtoto! Chukua kadi yake!"

Nje palikuwa na gari la mizigo. Dereva alikuwa amekwisha kupakia magodoro manne ya mteja.

"Shusha matatu," nilimwambia.

"Bibi, mteja anangoja!"

"Angoje amesimama."

Godoro moja tuliliacha. Tukamlaza juu yake kwa ubavu, nikakaa nyuma naye nimeushika mgongo wake. Hakunitazama, lakini aliushika mkono wangu akaubana mpaka mifupa ikaniuma.

Hospitalini presha ilisoma mia moja sitini na nane kwa mia moja na kumi na mbili. Safari hii hakuwa amefikia kifafa. Walimpa dawa ya kushusha presha na sindano ya kuzuia degedege. Daktari akasema mtoto atolewe siku hiyo hiyo.

"Mmewahi," alituambia. "Mngekaa mpaka jioni, ningekuwa nasema mengine."

Mchana mtoto alitolewa. Wa kike tena, kilo mbili na robo. Alikuwa mdogo. Lakini alilia, alilia, alilia. Mwanangu aliegemea ukuta wa varanda akalia naye.

Siku ya pili Dada Kipimo alikuja wodini na mashine yake. "Msidhani presha imeondoka kwa sababu mtoto ametoka," alisema. "Inaweza kupanda hata sasa. Atapimwa hapa kila siku, na mkitoka mtamleta kliniki wiki hii hii na wiki zinazofuata. Mazoezi yasubiri mpaka nimruhusu tena."

Alipoondoka, ndugu wakaingia. Mbele yao alikuwa wifi yangu, shangazi wa mwanangu. Akamfunua mtoto, akafurahi, akabusu vidole. Kisha akamgeukia mkwe wangu, akamwambia kwa upole kabisa:

"Unaona sasa? Safari hii ulitulia. Hukuanika nguo."

Mkwe wangu aligeuza uso kwenye mto.

Nilisimama. "Wifi, neno hilo lirudishe mdomoni."

"Nimekosa nini? Si wewe mwenyewe uliyetuambia?"

"Ni mimi. Mlilisikia kwangu, basi na hili lisikieni kwangu. Huyu hakumuua mtoto wake. Alikuwa na presha. Kichwa kilimuuma siku nne, na mimi ndiye niliyemfunga kitambaa nikamwambia alale. Habari ya mikono si kweli. Nilimsingizia, miaka miwili nikamwacha anabeba mzigo usio wake. Na mimba hii alinyoosha mikono kila siku ya Mungu, mimi nikihesabu!"

Wifi yangu alimfunika mtoto. Ndugu wengine walitazama sakafu. Nilipumua kwa nguvu. Nikamwangalia mkwe wangu. Alikuwa amegeuka. Macho yalikuwa yamejaa machozi, lakini hasira yake bado ilikuwepo mlemle ndani, nikaiona.

"Rudia, mama," alisema. "Shangazi sikio lake moja halisikii vizuri."

Nikarudia kwa sauti kubwa zaidi, tangu mwanzo, kitambaa na yote. Wagonjwa wa vitanda vya mbali wakainua vichwa. Muuguzi akaja mbio kutoka mwisho wa wodi.

"Bibi, tafadhali, punguza sauti!"

"Sipunguzi," nilimjibu. "Wakati namsingizia sikuipunguza."

Mkwe wangu alijifuta uso kwa kiganja. Akamwinua mtoto kutoka kifuani, taratibu, akaninyooshea.

"Mshike," alisema. "Kichwa chake, mama. Shika kichwa."